Volti 12 au 240 kwa nyumba ya Lamu?

Chukua taa ya wati 60. Kwa betri ya sola ya volti 12, gawanya wati kwa volti: ampea 5. Ukinzani wa taa hiyo, yaani jinsi inavyozuia umeme, ni volti kugawanya kwa ampea: omu 2.4. Taa ya wati 60 iliyotengenezwa kwa stima ya volti 240 huvuta ampea 0.25 tu, omu 960.

Balaa liko kwenye waya. Ghorofa za mawe za Lamu hupanda juu. Waya wa kutoka chini hadi darini ukiwa na omu 0.4, ampea 5 zikipita hupoteza volti 2 njiani, wati 10 za joto la bure, na taa inafifia. Ampea 0.25 hupoteza volti 0.1.

Darini, basi, 240. Kwenye mashua, waya mfupi na maji ya chumvi miguuni yanayofanya 240 kuwa hatari, mimi nachagua 12 bila ubishi.