TAHADHARI: Seti za spotilaiti za "wati 300" zinazouzwa na waya wake kwenye boksi moja

Wakuu, mimi ni fundi umeme wa magari hapa Dar es Salaam na hili naliandika nikiwa na hasira. Kuna muuzaji wa mtandaoni anayesambaza seti za taa za ziada, zile ndefu za LED za kufunga juu ya bampa au kwenye keria, pamoja na waya, relei (swichi inayoendeshwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa), swichi na fyuzi. Bei inashawishi na video zake za usiku zinapendeza. Magari yanayoletwa kwangu waya zikiwa zimeungua kwa sababu ya boksi hilo yamekuwa mengi mno, siwezi kunyamaza. Jina la ukurasa wake siliandiki, kwa sababu kila akishtukiwa analibadilisha. Mkikariri jina leo, kesho atawauzia kwa jina jingine. Shikeni dalili.

Kwanza jueni kwamba wengi wanaangalia pasipo na tatizo. Mteja anawasha taa, anaona inawaka, anatoa hela. Taa kuwaka ni kitu rahisi. Ubaya umefichwa kwenye waya.

Waya wa boksi hilo ni alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Ukiumenya unaona wekundu, unaridhika. Lakini alumini hupitisha umeme kiasi cha asilimia 60 tu ya shaba ya unene uleule, kwa hiyo mzigo ambao shaba inaubeba bila shida, unaupasha moto waya huu. Juu yake wamevalisha ganda nene, hivyo kwa macho unadhani ni waya wa milimita 2.5 za mraba wakati nyuzi za ndani hazifiki hata nusu ya hapo. Alumini pia haivumilii kukunjwakunjwa, na kwenye injini kila kitu kinatikisika. Ikiungwa na shaba mahali penye unyevu inaliwa taratibu, na hewa yetu hii ya chumvi inaharakisha. Chini ya tepu unakuta unga mweupe, na hapo kwenye unga ndipo moto unapoanzia.

Kisha wameweka fyuzi ya ampia 30 kwenye waya ambao hata ampia 10 unaubeba kwa taabu. Kazi ya fyuzi hapo ni kulinda waya. Waya ukikwaruzwa na bodi ukapiga shoti, inatakiwa fyuzi ikatike kabla ganda halijayeyuka. Kwenye seti hizi nimekuta ganda limeyeyuka lote, waya uko uchi, na fyuzi nzima kabisa, haina hata doa.

Sasa hizo wati 300. Hesabu yake haihitaji ufundi: gawanya wati kwa volti. Wati 300 kwa volti 12 ni ampia 25. Nimeipima taa moja ya boksi hilo kwa mita, injini inaunguruma, chaji iko kama volti 14, na haikufika ampia 5. Yaani haizidi wati 70. Umelipia 300, umepewa 70.

Mtu atauliza: kama taa inakula umeme mdogo hivyo, waya unaungua vipi? Swali zuri, na jibu lake ndilo linalonitia hofu. Uongo wa wati unauficha uongo wa waya. Taa ndogo inawaka miezi kadhaa bila tatizo, mwenye gari anajenga imani. Halafu anajiambia, "Waya huu ni wa wati 300, acha niongeze spoti mbili za halojeni pembeni." Spoti mbili za wati 100 kila moja zinavuta karibu ampia 17. Waya unaanza kuchemka, na fyuzi ya 30 haioni sababu ya kukatika. Wengine hawakuongeza chochote. Waya ulipita kwenye tundu la bati bila raba, ukasuguliwa mpaka ukagusa bodi.

Muuzaji huyu pia hutoa fundi wa kufunga bure. Mkataeni. Nimeona kazi yake: anakata ganda la waya wa taa kubwa ya gari, anasokota waya wa spoti hapo, anazungushia tepu, basi. Betri haigusi, na relei ya kwenye boksi anaining'iniza tu ionekane. Toyota Noah moja ilikuwa inaelekea Dodoma usiku ikiwa na familia ndani, na maeneo ya Gairo taa zote za mbele zikazima kwa mpigo, malori yakiwa mbele na nyuma. Waya wa spoti ulipiga shoti ukaondoka na fyuzi ya taa kubwa, kwa kuwa zote zilikuwa zinakula mahali pamoja. Dereva alifanikiwa kutoka barabarani kwa mwanga wa gari lililokuwa nyuma yake. Alipompigia muuzaji aliambiwa, "Bosi, hizo waya zako za zamani." Kisha akafungiwa namba. Ile waranti ya mwaka mmoja haikuwa na karatasi yoyote.

Dalili zake: hana duka, ukisema unakuja dukani anakwambia mkutane kituoni Kariakoo. Anataka hela yote kwa simu kwanza, na wa mikoani anawatumia kwa basi. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, hatoi. Kila kitu kimeandikwa IP68, yaani hakiingizi vumbi wala maji, mpaka swichi ya ndani ya gari. Ukimuuliza taa inavuta ampia ngapi, anakujibu kwa kukutumia video nyingine.

Kabla hujatoa hela, omba ukate waya kidogo mwishoni. Chukua uzi mmoja uukwangue kwa wembe: shaba ni nyekundu mpaka ndani, alumini inatoa weupe. Uweke kwenye moto wa kiberiti cha gesi: uzi wa shaba unawaka wekundu na unabaki uzi, wa alumini unalegea na kukatika. Beba na sumaku, maana zipo waya za chuma zilizopakwa shaba, hizo sumaku inazinasa. Muuzaji wa haki hatakasirika ukimkwangulia waya.

Kama taa umeshanunua na unaipenda, itumie, ila tupa waya zote. Nenda maduka ya umeme wa magari Gerezani ukatiwe waya wa shaba kwa mita. Kwa spoti mbili za wati 55, zinazovuta kama ampia 9, milimita 2.5 na fyuzi ya 15 vinatosha. Toa moto (umeme) kwenye chanya ya betri, fyuzi ikae palepale karibu na betri, kwa sababu kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Kutoka kwenye fyuzi ingia mguu wa relei wenye namba 30, toka 87 kwenda kwenye taa. Mguu wa 85 ufunge kwenye bodi, mahali palipokwanguliwa rangi. Mguu wa 86 upate moto mdogo kutoka waya wa fulu (mwanga mrefu) ya taa kubwa, ukipitia swichi ya ndani. Hivyo ukishusha taa kumpisha anayekuja, spoti nazo zinazima zenyewe humpofushi mwenzako. Relei ikiwa na mguu wa 87a, usiuguse. Ukifunga taa hapo zitawaka swichi ikiwa imezimwa na asubuhi betri imekufa.

Mliouziwa tayari: msisubiri harufu. Leo hii fungua boneti, toa waya wa seti hiyo kwenye betri, na kama umeungwa kwenye taa kubwa, fundi autoe na kuziba kidonda vizuri. Msitupe boksi, ujumbe wa simu wala muamala wa malipo. Pelekeni malalamiko Tume ya Ushindani, FCC, wanaoshughulikia bidhaa bandia, na mkiwa wengi nendeni pamoja. Waliofungiwa na yule fundi wa bure wasisafiri usiku kabla gari halijakaguliwa.