Gari la kukodi na dereva, Kigoma hadi Bujumbura: lipa kwa siku, usilipe kwa tripu

Watu wengi wa Kigoma wana marafiki Burundi: majirani wa zamani, wafanyabiashara wenzao, waliosoma nao, waliorudi kwao baada ya kambi za wakimbizi kama Mtabila kufungwa mwaka 2012. Kwa anayetaka kwenda kuwasalimu bila haraka, gari la kukodi pamoja na dereva ndiyo huduma bora kuliko zote za njia hii, ila malipo yawe kwa siku.

Wenye magari wengi hutaja bei ya tripu, kwenda na kurudi. Huonekana nafuu. Lakini mkilipana hivyo, kila mnaposimama dereva anahesabu hasara, kwa hiyo anakimbiza gari na kuanza kupiga honi nje kwa wenyeji wako kabla hamjamaliza kula. Ukilipa kwa siku, kusimama Kalinzi kutazama mashamba ya kahawa hakumkeri mtu. Andikianeni: siku ngapi, mafuta ya nani, chakula na malazi ya dereva kwa nani, na gari likiharibika ng'ambo nani anagharamia.

Kinachokwamisha safari nyingi pale mpakani Manyovu ni karatasi za gari. Abiria Mtanzania haombi viza ya Burundi. Abebe pasipoti na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Gari linahitaji kadi yake halisi, bima ya Kadi ya Njano ya COMESA, jumuiya ya soko la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika (bima ya kawaida ya nyumbani haivuki mpaka) na, kwa kuwa dereva si mwenye gari, barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na wakili. Barua hiyo hutaja jina la dereva na namba ya gari. Asubuhi ya safari ukiletewa dereva mwingine kwa sababu yule wa kwanza "amepata dharura", barua haina kazi tena. Ikague siku moja kabla, ukiwa na leseni na pasipoti ya dereva mkononi.

Mafuta jaza Kigoma mpaka tangi lijae. Burundi imeteswa na uhaba wa mafuta kwa miaka, na kupanga foleni kituoni kunaweza kukumeza siku nzima. Njia nzima haifiki kilometa 250, kwa hiyo gari linalotumia lita 10 kwa kilometa 100 litahitaji kama lita 50 kwenda na kurudi, mizunguko ya mjini haimo. Tangi la lita 55 litakubana. Madumu ya akiba usibebe. Mpakani yataonekana magendo.

Ukivuka unaingia Mugina, na kuanzia hapo magari hupita kulia. Usukani wa magari yetu uko kulia pia, hivyo dereva haoni mbele anapotaka kulipita lori. Aliyekaa kiti cha mbele kushoto ndiye macho yake, basi asilale. Noah ya mlango mmoja wa kuteleza ina tatizo lake: mlango uko kushoto, na Burundi upande huo ndio katikati ya barabara. Watoto washushwe gari likiwa limetoka kabisa barabarani. Taa zetu nazo humulika zaidi kushoto, hivyo huwapofusha wanaokuja. Usiku msitembee.

Kushuka kutoka Mabanda hadi Nyanza-Lac, dereva atumie gia ndogo (automatiki, 2 au L). Akikanyaga breki mteremko wote zitapata moto na kulegea. Baada ya hapo mnaambaa na ziwa hadi Bujumbura, na hapa ndipo thamani ya kulipa kwa siku inapoonekana: michikichi ya Rumonge, migebuka ileile ya Kigoma ikiitwa mukeke, na jiwe la Mugere lenye kumbukumbu ya Livingstone na Stanley kupita hapo Novemba 1871, baada ya kukutana kwao Ujiji. Mvua kubwa huleta maporomoko kati ya Rumonge na mji, kwa hiyo Juni hadi Septemba ndiyo miezi ya kuchagua. Jumamosi asubuhi epuka, Burundi ni saa za kazi za jamii na magari huzuiwa.

Mwenye begi moja anaweza kupanda gari la abiria hadi Manyovu, avuke kwa miguu na kuunganisha ng'ambo. Ni rahisi mfukoni, lakini kusimama utakako hakuna.

Chagua dereva anayejua Kiha, maana Kirundi atakisikia bila shida, na vizuizini mazungumzo yatakuwa mepesi. Nampa nyota 4 kati ya 5 mwenye gari anayekubali masharti haya yote. Ya tano inabaki kwa wachache wanaokagua tairi la akiba na jeki bila kuulizwa.

Saa za Burundi ziko nyuma kwa saa moja. Ukiondoka Bujumbura saa 6 mchana, Manyovu tayari ni saa 7. Muulize afisa wa mpakani muda wa kufunga mpaka siku ileile unayovuka kwenda.