AutoCAD kwenye meza za duaradufu: uzoefu wangu

Nachorea karakana za samani huku Nyakato, Mwanza, na kazi zinazonijia sana ni meza za mikutano za duaradufu (umbo la duara lililorefushwa): uso wa mninga, pembeni mkanda wa mvule wenye upana uleule kuzunguka meza nzima. Kwa kazi hii AutoCAD, programu ya kuchorea kwa kompyuta, naipenda kwa dhati, ila lazima uijue tabia yake.

Ukichora duaradufu kisha ukatumia komandi ya OFFSET, inayochora mstari wa pili kwa umbali uleule kutoka wa kwanza, unachopata si duaradufu tena, ni splaini, yaani mkunjo huru usio na nusukipenyo kimoja. Wapo wanaodhani programu imekosea. Haijakosea! Mstari unaofuata duaradufu kwa umbali uleule kila mahali hauwi duaradufu, hesabu haikubali. Chukua meza ya mm 1,800 kwa 900 yenye mkanda wa mm 100. Ukijichorea tu duaradufu ya pili ya 1,600 kwa 700, kwenye ncha mkanda utakuwa sawa, lakini mabegani, kati ya ncha na ubavu, utapungua karibu mm 7. Mbao za rangi mbili zikikutana, jicho linauona upungufu huo mara moja.

Shida huanzia kwenye kukata. Mashine ya CNC (ya kukata kwa kuongozwa na kompyuta) ninayopelekea kazi huigeuza splaini kuwa vipande vidogo vilivyonyooka, ukingo unatoka na vipembe, na fundi anapiga msasa hadi anachoka. Kilichonikomboa ni PELLIPSE, mpangilio wa AutoCAD unaoamua duaradufu ichorwe vipi. Iweke 1 kabla ya kuchora, maana haibadilishi umbo lililokwisha kuchorwa. Duaradufu itajengwa kwa matao (vipande vya duara) yaliyoungana kuwa mstari mmoja, yaani polilaini. Tao ukilifanyia OFFSET linabaki tao, kitovu kilekile, nusukipenyo tu ndiyo inayobadilika, na mashine inalikata kwa G2 au G3, amri zake za kukata tao, bila kulivunjavunja. Ni makadirio, kweli, lakini kwenye samani sijawahi kuona tofauti kwa macho.

Leseni ya AutoCAD hulipiwa kwa mwezi au mwaka, na kwa karakana ndogo inauma. Wanafunzi huipata bure kwa masomo.

Kuusogeza mstari ndani kwa OFFSET nako kuna kikomo. Zidisha nusu ya upana kwa yenyewe, gawa kwa nusu ya urefu: 450 × 450 ÷ 900 ni mm 225. Ukipita hapo, mstari wa ndani unajikata wenyewe kwenye ncha za urefu. Mteja akitaka mkanda mpana zaidi, namshauri kwanza tuongeze upana wa meza.