Kanda za Nixon: mapitio ya huduma ya nyaraka kwa anayetaka kujua wakereketwa hukumbuka nini

Kwa majuma kadhaa nimekuwa nikisikiliza kanda zilizorekodiwa katika Ikulu ya Marekani enzi za Richard Nixon, ambazo maktaba ya rais huyo, iliyo chini ya Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka ya nchi hiyo, inazitoa bure kwenye tovuti yake. Nilikwenda huko na swali moja: kiongozi aliyewagawa watu akishaondoka madarakani, wale waliokuwa tayari kumfia hukumbuka nini kuhusu mapenzi yao wenyewe? Mapitio haya yanamfaa mtu mwenye swali la namna hiyo. Anayetafuta burudani ataiona kazi hii kuwa ya kuchosha, na hatakuwa amekosea.

Mali yenyewe ni kubwa. Vinasa sauti vilifungwa Februari 1971 na vikazimwa Julai 1973, na vingi vilijiwasha vyenyewe mara mtu alipofungua mdomo. Zilinaswa takriban saa 3,700 za mazungumzo, na kati ya hizo karibu saa 3,000 ziko wazi kwa umma. Kila mazungumzo yana namba, tarehe, majina ya waliokuwamo na muhtasari wa mada, kwa hiyo msikilizaji hapapasi gizani. Ugumu uko kwenye sauti. Vikombe vinagongana, karatasi zinachakurishwa, watu wanasema kwa pamoja, na sehemu kubwa ya kanda haina maandishi ya neno kwa neno. Dakika kumi za kanda zilinichukua nusu saa, na mara nyingine nililazimika kurudia sentensi moja mara sita ndipo nikaipata.

Nilipofika kwenye mazungumzo namba 741-2, ya asubuhi ya tarehe 23 Juni 1972, siku sita baada ya watu waliovunja ofisi za chama pinzani cha Democratic katika jengo la Watergate kukamatwa, kilichonishtua hakikuwa ukali wa maneno bali utulivu wake. H. R. Haldeman, mkuu wa watumishi wa Ikulu, anaeleza kama mtu anayesoma ratiba ya mikutano kwamba wachunguzi wa FBI, polisi wa upelelezi wa serikali kuu, wamekwisha fuata nyayo za fedha za wavunjaji hao, na kwamba dawa ni kuitumia CIA, idara ya ujasusi, iwaambie wakae kando. Nixon anakubali. Kanda hiyo ilitolewa hadharani tarehe 5 Agosti 1974, baada ya Mahakama ya Juu kumwamuru kwa kura 8 kwa 0 azikabidhi kanda alizozishikilia, na siku nne baadaye alikuwa amejiuzulu, hakuwa rais tena.

Hapa ndipo huduma hii inapopata thamani yake kwa mchunguzi wa siasa za vyama, ingawa lazima aichanganye na takwimu za wakati ule. Mwaka 1972 Nixon alishinda majimbo 49 kati ya 50 na kupata zaidi ya asilimia 60 ya kura. Alipokuwa anaondoka, utafiti wa Gallup, kampuni ya kura za maoni, ulionyesha kwamba ni asilimia 24 tu ya Wamarekani walioridhika naye, lakini miongoni mwa wafuasi wa chama chake cha Republican takriban nusu walikuwa bado upande wake. Ukishaisikia kanda kwa masikio yako, ile nusu inakuwa kitendawili kizito zaidi kuliko inavyokuwa kwenye karatasi. Ushahidi haukuwafikia? Uliwafikia. Ila uaminifu kwa chama haukuwa maoni juu ya ushahidi; ulikuwa jibu la swali la nani ni mwenzetu.

Wabunge watatu wa chama hicho wanafaa kukumbukwa wakati wa kusikiliza. Lawrence Hogan wa Maryland alikuwa wa kwanza miongoni mwa Warepublican wa kamati ya sheria ya Baraza la Wawakilishi kutangaza kwamba ataunga mkono kumshtaki rais bungeni ili aondolewe, tena kabla kanda ya Juni haijatoka. Wiki chache baadaye akaangushwa katika mchujo wa chama chake alipogombea ugavana. Earl Landgrebe wa Indiana, katika siku za mwisho kabisa, alisema asichanganywe na ukweli kwa kuwa akili yake amekwisha ifunga, na kwamba atasimama na rais wake hata kama wote wawili watatolewa nje wakapigwe risasi. Mwezi Novemba wapiga kura wa jimbo lake walimtoa kwa kishindo. Charles Wiggins wa California, aliyekuwa mtetezi hodari kuliko wote ndani ya kamati, aligeuka siku ile ile kanda ilipotoka, na akarudishwa bungeni. Sababu za kushinda na kushindwa hazikuwa moja kwa yeyote kati yao. Hata hivyo aliyewatangulia wenzake hakusamehewa na wenzake, aliyekataa kusogea hakusamehewa na wengine, na aliyesogea pamoja na msafara alirudi kitini pake.

Kumbukumbu ya wapiga kura ilisogea na msafara huo huo. Massachusetts, jimbo pekee ambalo Nixon alilikosa mwaka 1972, lilipata vibandiko vya magari vilivyosema kwamba mwenye gari asilaumiwe kwa kuwa yeye ni wa huko. Kibandiko kile kilichekesha kwa sababu majimbo mengine yote yalikuwa na la kujibu. Wachunguzi wa uchaguzi wanalijua jambo hili kwa ujumla wake: watu wakiulizwa baadaye walimpigia nani, majibu huelekea kwa mshindi na kumkimbia aliyefedheheka. Aliyembeba mabegani jana anamruka kimanga leo, na si lazima awe anadanganya. Huenda kweli amejisahau.

Chama chenyewe hakikukaa nje muda mrefu. Mwaka 1974 Wademocratic waliongeza viti 49 katika Baraza la Wawakilishi, pigo ambalo wengi wangelidhania la kizazi kizima. Lakini mwaka 1976 Gerald Ford, makamu aliyerithi urais na kumpa Nixon msamaha asishtakiwe mahakamani, alipata asilimia 48 ya kura na kushindwa na Jimmy Carter kwa pointi mbili tu. Msamaha huo nao ulibadilika rangi taratibu: Gallup ilikuta asilimia 53 wakiupinga mwaka 1974, na mwaka 1986 asilimia 54 wakauona wa haki. Ronald Reagan, aliyemtetea Nixon karibu hadi mwisho, alichukua majimbo 44 katika uchaguzi wa urais wa mwaka 1980 bila mtu kumdai maelezo.

Haya yote hayamo ndani ya kanda, na hilo ndilo pungufu kubwa la huduma hii kwa swali langu: anayesikika ni kiongozi, mwananchi hasikiki. Nalitaja kama mpaka wa mali yenyewe kuliko kosa la watunzaji, ambao wana historia yao ya kujivunia. Maktaba ilipofunguliwa Yorba Linda, California, mwaka 1990 ilikuwa ya taasisi binafsi ya wafuasi, na maonyesho yake ya Watergate yalimweleza mgeni kwamba wapinzani walikuwa wanatafuta kupindua matokeo ya uchaguzi. Serikali ilipoichukua mwaka 2007 yale maonyesho yalibomolewa, na mapya yakafunguliwa mwaka 2011 baada ya mvutano mkali na wafuasi hao. Miaka 37 baada ya kujiuzulu, bado kulikuwa na watu wazima wanaogombania maneno ya kuandika ukutani.

Naipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Ya tano imezuiwa na uhaba wa maandishi. Anayeanza asianze mwanzoni. Aanze na mazungumzo ya tarehe 21 Machi 1973, ambamo John Dean, wakili wa Ikulu, anamwambia rais kwamba kuna saratani karibu na urais, kwa sababu sauti yake inaeleweka na jambo zima linaelezwa kwa mpangilio. Kisha arudi kwenye 741-2. Kanda ya tarehe 20 Juni 1972 aiache iwe ya mwisho, kwa kuwa dakika kumi na nane na nusu zake zilifutwa, wataalamu wa Hifadhi wakajaribu kuzirejesha wakashindwa, na kinachosikika humo ni mvumo tu. Vipokea sauti vizuri vya masikioni ni vya lazima.