Oringi za oili kula nilizouziwa hapa Malindi, na yule kijana wa kaunta

Jamani naandika hii bado nina hasira kwa hivo mnivumilie. Nilinunua seti ya gasketi na oringi (zile pete za raba za kuziba) za oili kula, yaani kile kipoza oili ya injini, ya Canter langu kwenye duka moja la spea hapa mjini, jina silitaji, nikaifunga mwenyewe nyumbani na haikumaliza hata wiki mbili. Na si kuharibika kwa spea kulikoniuma, spea huharibika. Ni vile nilivojibiwa niliporudi.

Nirudi nyuma kidogo. Kabla ya Ramadhani kuingia nilianza kuona maji ya rejeta yamegeuka, juu kumetanda kitu kizito rangi ya chai ya maziwa iliyolala, ukitia kidole kinateleza. Fundi wa kwanza kutazama mara moja tu akasema hedi gasketi, ile iliyo kati ya kichwa cha injini na bloku, imekwenda, tuteremshe hedi lipelekwe likachongwe, na hesabu aliyonitajia nikaona hapa nitauza gari. Nikamwambia ngoja kwanza. Manake injini haitoi moshi mweupe, nguvu iko, rejeta haipigi mapovu ikiwa inanguruma, na ukichomoa dipstiki oili ni nyeusi ya kawaida, haina maji. Kwa hivo ni oili ndo inakwenda kwenye maji, si maji kwenda kwenye oili. Injini ikiwaka presha ya oili huwa juu kuliko ya maji, ikipata upenyo tu inasukuma kwenda huko, na mahali hivi viwili vinapokaa karibu karibu kabisa ni kwenye oili kula, ubavuni mwa bloku.

Tukafungua uani, mimi na mwanangu mkubwa. Tukamwaga kulanti, yaani maji ya rejeta, tukamwaga oili, boliti za mfuniko moja baada ya nyingine tukizipanga juu ya kadibodi kwa mpangilio wake manake si zote urefu sawa. Ile kula yenyewe tukaiosha na mafuta ya taa, tukaziba tundu moja kwa raba ya tairi na kibati, tundu la pili tukaunga hosi ya kompresa, tukaizamisha kwenye beseni la kufulia la mamake watoto na tukapandisha upepo pole pole mpaka presha ya ba 5. Tumekaa tunaitazama. Hata povu moja. Kula nzima! Alafu nikazishika zile oringi kuukuu, zimekauka, moja imevunjika mkononi kama kachri. Nikajua ugonjwa ndo huu, na wallahi nilifurahi, manake kula mpya si bei ya mchezo na oringi ni kitu cha mia chache.

Hapo ndo nikaenda dukani. Seti nikauziwa 2,500 nikaapiwa ni jenyuini, na kulanti nikanunua papo hapo. Kufunga sikuwa na pupa, mifereji nimeifuta na kitambaa, boliti nimeanza za katikati nikitoka nje, nimezungusha raundi tatu kidogo kidogo. Rejeta tumeiosha na maji moto na sabuni ya unga mara nne, mara ya tano ndo yakatoka bila mafuta. Oili mpya, filta mpya. Nikawasha, nikaiacha dakika kama 20, kavu kabisa. Nikalala vizuri.

Alafu siku moja napeleka mchanga wa Sabaki Watamu, nimefika Gede nikaona ile chupa ya akiba inamwaga kitu cha kahawia. Nikaegesha chini ya mwembe nikangoja ipoe, rejeta ya moto haifunguliwi, na kufungua ni ile chai ya maziwa tena. Nilikaa chini. Mchanga wa watu uko juu ya gari, mafundi wa mjengo wanapiga simu.

Nilipofungua tena nyumbani nikakuta oringi imevimba. Si kukauka, kuvimba! Laini kama embe lililoiva sana, upande mmoja imetoka kwenye mfereji wake na ukingo umeikata.

Nikaichukua na risiti nikaenda. Nimesalimia vizuri, nimeeleza vizuri. Yule kijana wa kaunta hakuinua hata macho kwenye simu, akaniambia, "Mzee umetia maji ya kisima. Nyinyi mwatia maji ya chumvi alafu mwaja kulalamika hapa." Nikamwambia mwanangu nimetia kulanti na nimeinunua kwako, risiti hii. Hakuitazama. Akaichokoa oringi kwa ncha ya kalamu kama kitu cha jalalani, akaniuliza kwa sauti mbele ya watu, "Kwani wewe ni fundi?" Nikasema mimi ni dereva, gari ni langu. Akasema, "Basi endesha, ufundi wachia mafundi," akaisukuma ikabingirika ikaanguka chini. Watu wakacheka. Nikainama nikaiokota. Nina miaka 20 na zaidi barabarani, nimeinama mbele ya mtoto wa umri wa mwanangu kuokota oringi ambayo pesa nimelipa mimi.

Sasa nisimdhulumu mtu. Gasketi ya mfuniko iliyokuwa kwenye seti hiyo hiyo ni nzuri, haijavuja hata tone. Kulanti yao pia sina neno nayo. Na labda kijana alikuwa amechoka, ilikuwa mchana wa joto na foleni ndefu, na kweli wako watu hapa Malindi wanatia maji ya kisima kwenye rejeta na ile chumvi inakula aluminiamu, hilo si uongo. Nilikuwa nataka kusema duka ni la wastani yaishe.

Lakini seti ilikuwa na oringi moja ya ziada. Nikaitia kwenye kikombe cha oili safi, nikakiweka dirishani jikoni kunakopiga jua. Siku mbili. Nimeitoa haiingii tena kwenye mfereji, imenenepa yenyewe bila maji, bila kisima, bila mimi kuifunga! Rafiki yangu anayetengeneza injini za maboti akaibonyeza tu akaniambia hii ni raba ya upande wa maji, EPDM, inavumilia kulanti na moto lakini oili inainyonya mpaka inavimba. Huku kwenye oili inatakiwa raba ya Viton, na hata raba ya naitraili ya kawaida ingekaa kuliko hii. Akapima unene na upana kwa kipimo cha venia, tukaagiza Mombasa, zikaja na basi kesho yake.

Kwa hivo kosa halikuwa maji yangu wala mikono yangu. Ilikuwa kuzitoa kwenye boksi lisilo lake, kitu ambacho angeniambia "samahani mzee tumechanganya" ningechukua nyingine nikaondoka, wala nisingedai ile oili niliyomwaga wala trip niliyopoteza. Hilo ndo sijaweza kulimeza mpaka leo.

Sasa hizi za Mombasa zina mwezi na kitu ndani. Asubuhi kabla ya kuwasha nafungua kifuniko cha rejeta natia kidole, kijani kitupu, hakitelezi, alafu ndo naenda Gongoni au Mambrui na roho yangu imetulia. Kazi ya kuifungua nyumbani naisifu na ningeifanya tena kesho. Hilo duka, kama umekwama huna namna, chukua gasketi oringi uwache. La, hapana. Hata gasketi msichukue, agizeni Mombasa, mpaka yule kijana aje kwangu akitazame hicho kikombe, bado kiko pale dirishani na oringi yake imo ndani.