Kinoo cha almasi kilichoota ndevu

Ningeandika haya siku ile ile niliyotoka Kariakoo, yangekuwa matusi matupu na msingeambulia kitu. Nimengoja hasira ipoe. Haijapoa yote, lakini angalau sasa naweza kushika simu bila kuibamiza ukutani.

Mimi ni mtu wa bucha, Tandika. Visu vinne, panga moja, gogo na mzani. Miaka yote nimenolea kinoo cha kawaida, kile cha kijivu chenye upande laini na upande wa kukwaruza, na mara moja moja namsimamisha kijana wa baiskeli anayepita mitaani kunoa visu. Ubaya wa kinoo cha kawaida ni kwamba kinaliwa katikati. Kinashuka bonde kama kitanda cha kamba kilichochoka, na kisu kirefu hakilali sawa juu yake. Ndipo nikashawishika kununua hiki cha almasi: kibao cha chuma cha upana wa vidole vinne, juu kimegandishwa punje za almasi, na sifa yake kubwa ni kwamba hakishuki bonde. Shilingi 35,000. Kijana wa dukani akaniongezea na ubao wa sumaku wa kutundikia visu ukutani, 10,000 nyingine. Kumbukeni huo ubao, tutaurudia.

Siku za mwanzo nilikuwa nakisifia kwa kila aliyekuja kununua nusu kilo. Kisu changu cha kuchunia, ambacho nilishakikatia tamaa, nilikipitisha mara saba nane kila upande na kikaingia kwenye steki bila kusukumwa. Nikasema nimechelewa wapi siku zote.

Kisha kikaanza kunisumbua jambo moja dogo: hakitakati. Unanoa, unga mweusi wa chuma unabaki juu, unamwagia maji, maji yanapita na unga umekaa. Mkifikiria kazi yangu mtajua sababu mojawapo. Mikono ya mtu wa bucha ina mafuta tangu asubuhi, na mafuta yakichanganyika na unga wa chuma yanakuwa kama grisi ya mnyororo. Sabuni ya mche na mswaki wa zamani ungemaliza kazi. Lakini mimi nikaenda mbali. Nimezaliwa Shinyanga, na mtu wa Shinyanga anadhani ana haki ya kuzungumzia almasi. Mjomba wangu alifanya kazi Mwadui, na sisi watoto tulikua tukisikia neno lake moja: almasi haishikwi na sumaku, inashikwa na grisi. Na ni kweli kabisa. Kwenye migodi walikuwa wanapitisha mchanga na maji juu ya meza zilizopakwa grisi, mawe mengine yanateleza na kwenda zake, almasi inanata.

Basi nikasema nikipime. Kulikuwa na redio mbovu nyumbani, nikaing'oa spika, nikaivunja nikatoa sumaku, ile duara nyeusi nzito. Nikaisogeza kwenye kinoo. Paa! Ikashika kiasi cha kunibana kidole.

Nilihisi kuibiwa. Almasi gani hii? Nikaanza kuipitisha sumaku juu ya kinoo, kutoka ncha hii hadi ncha ile, naiinua, naanza tena, upande ule ule, nikimwonyesha mke wangu, kisha jirani, kisha mtoto wa jirani. Tazama. Tazama tena. Usiku nikaviacha vimeshikana hivyo hivyo mezani, nikitaka asubuhi nivibebe vikiwa na ushahidi wao.

Dukani nilimkuta kijana yule yule anacheza na simu. Nikamsalimia. Nikamwambia mwanangu, uliniuzia feki. Nikabandika sumaku juu ya kinoo mbele ya watu. Akaangalia, akarudi kwenye simu yake, akasema bila hata kuinua uso: "Mzee, sumaku inashika chuma. Shule ulikimbia?"

Watu wakacheka. Kulikuwa na dada mmoja ananunua sufuria, yeye alicheka hadi akashika kaunta. Nikamwambia nataka hela yangu. Akaninyooshea kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani, "mali ikishauzwa hairudishwi", na kwa chini ameongeza mwenyewe kwa kalamu "tafadhali". Nina mvi kichwani. Nina mtoto anayemzidi umri. Kuna namna elfu moja za kumwambia mtu mzima kwamba amekosea, na hata ile mbaya kuliko zote ingekuwa na neno "samahani" mahali fulani. Alichotakiwa kusema ni maneno matano tu: mzee, ni kibao cha chuma. Angesema hayo ningenyamaza, ningerudi zangu Tandika, na leo msingekuwa mnasoma haya.

Nilirudi nimeapa kukipa kinoo nyota moja tu. Na kinoo, kana kwamba kimesikia, kikafanya vituko.

Kesho yake nilinoa kisu kile kile. Nilipokiondoa, unga wa chuma haukulala juu ya kinoo, ulisimama. Wima. Kwenye kona mbili za mwisho ulikuwa mrefu zaidi, vishungi vishungi, ndevu za mbuzi kabisa. Nikapitisha kidole: zikalala, nikaondoa kidole, zikainuka. Nikamwagia maji ya bomba, zikawa zinacheza na maji kama nyasi za mtoni, hazing'oki. Kitambaa kikazivuta kidogo, nyingine zikabaki zimejificha katikati ya punje. Na ukinoa juu ya hizo ndevu kisu kinateleza tu, hakishiki, kwa sababu almasi haigusi tena chuma cha kisu, inagusa unga.

Ubaya haukuishia hapo. Kisu nacho kikawa kinaondoka na unga kwenye makali. Nilifuta, nikadhani nimefuta. Bibi mmoja, mteja wangu wa miaka, akanitazama ninavyomkatia maini, akauliza kwa upole wake: "Mwanangu, hayo maini umeyapaka pilipili manga?" Nilitamani gogo linimeze. Nikamkatia mengine, nikamwongezea na kipande cha mafuta, nikafunga bucha mapema.

Mtaani kwetu yuko fundi wa TV, mtu mzima, siku hizi anatengeneza zaidi subwoofer za vijana. Nikampelekea kinoo, visu vyote, na hasira zangu. Kwanza alikitazama kinoo kwa ile lenzi anayobana jichoni, kisha akanipa mimi. Nikaona chini ya lenzi uwanja wa kijivu, na ndani yake punje nyingi zenye rangi ya njano kwa mbali, zinametameta, kila moja imezama nusu kama korosho kwenye kashata. Almasi zilikuwepo. Ile rangi ya kijivu inayozishika, akasema, ni nikeli, wanaipandisha kwa umeme juu ya kibao cha chuma ili ifunge punje zisitoke. Na nikeli yenyewe inavutwa na sumaku, sawa na chuma kilichoko chini yake. Kwa hiyo sumaku yangu ya spika ingeshika tu, hata almasi zingekuwa za Mwadui zilizochaguliwa moja moja.

Kisha akauliza, "Ulipokinunua kilikuwa na ndevu hizi?" Nikafikiri. Hapana. "Zimeanza lini?" Nikamweleza habari ya spika, ninavyoipitisha ncha hadi ncha, upande ule ule, halafu kulala usiku mzima. Fundi akaweka chini bisibisi akacheka, lakini cheko la mtu mwenye adabu. "Kaka, umekitengeneza sumaku mwenyewe."

Na hapo ndipo nilipoingiwa na aibu ambayo kijana wa dukani hakufanikiwa kunitia. Maana nilikumbuka. Shule ya msingi, mwalimu wa sayansi amesimama mbele na sindano na sumaku, anaisugua sindano upande mmoja tu, anaiinua, anarudia, kisha anaokotea pini. Nilikuwepo darasani. Sikukimbia shule. Nililala tu.

Dawa yake aliijua kutoka enzi za TV za chogo. Mnakumbuka mtu alipoweka spika karibu na TV, kona ya kioo inageuka kijani na zambarau? Fundi alikuwa anapitisha koili kubwa ya waya iliyochomekwa kwenye umeme, rangi zinarudi. Koili anayo bado, imefungwa kwa tepu nyeusi. Akaiwasha, ikaunguruma, akaizungusha taratibu juu ya kinoo, halafu akawa anarudi nyuma nayo kidogo kidogo, hatua baada ya hatua, mpaka karibu na mlango ndipo akazima. Umeme wetu unageuka upande mara 100 kwa sekunde, kwa hiyo usumaku ndani ya chuma unavutwa huku, unavutwa kule, na kadiri koili inavyokwenda mbali ndivyo unavyolegea mpaka unabaki hauna upande. Ukizima ghafla ukiwa karibu, unaweza kukirudishia sumaku upya. Akafanya hivyo pia kwa visu. Tulipojaribu pini, ilitikisika kidogo pembeni ya kinoo lakini haikunyanyuka.

Kuna jirani alikuwa ameshanishauri nikichome kwenye jiko la mkaa ili sumaku itoke. Msifanye. Ni kweli joto huondoa usumaku, ila chuma kinadai kama nyuzi 770, na hapo kibao kimeshapinda na ugumu wa chuma umeshakwenda. Tena almasi ni kaboni, ndugu wa huo huo mkaa. Moto mkali unaila.

Nikaoga kinoo kwa sabuni ya mche na mswaki. Unga ukatoka wote na maji. Nikanoa. Jamani, kile kisu!

Kwa hiyo kinoo nakipa nyota nne, pengine tano. Mimi mwenyewe nijipe moja. Baadaye nimesoma kuwa hata kanuni ya mjomba haifanyi kazi hapa: punje za vinoo hivi ni almasi za kiwandani, zile ambazo kampuni ya General Electric ya Marekani ilitangaza mwaka 1955 kwamba imeweza kuzitengeneza, na zinakuzwa ndani ya metali iliyoyeyushwa, chuma, nikeli na kadhalika. Chembe za metali hubaki ndani, na baadhi ya punje huvutwa na sumaku zenyewe. Mjomba alisema kweli kuhusu almasi za ardhini. Za kiwandani hakuwahi kuzishika.

Nilikuwa nimeshaanza kumsamehe yule kijana, wallahi, mpaka fundi alipouliza swali la mwisho nikiwa mlangoni: "Na hivi visu unavitundika wapi?" Kwenye ubao wa sumaku. Ule wa 10,000. Kila jioni visu vyangu vinalala kwenye sumaku, asubuhi vinakuja kwenye kinoo vimeshaonja usumaku, na unga unang'ang'ania makali. Aliniuzia vyote viwili kwenye mfuko mmoja, akijua kabisa sumaku inashika chuma, maana ndicho alichonitangazia mbele ya dada wa sufuria, na hakusema hata "futa kisu vizuri kabla hujakitundika". Nyota nne zikarudi mbili. Ubao nimeung'oa, visu nimevirudisha kwenye ala ya mbao.

Juzi nilikwenda tena. Nataka kile cha punje laini cha kumalizia, na maduka mengine hawana, sikwenda kwa mapenzi. Kijana hakunikumbuka. Mbele yangu alikuwepo baba mmoja anauliza kama kinoo ni imara, na yule bwana mdogo, kwa fahari zote, akatoa chini ya kaunta sumaku nyeusi ya duara akaibamiza juu ya kinoo. "Ona inavyoshika, mzee. Chuma halisi hiki!" Akaisugua juu yake, kwenda na kurudi, akicheka.

Zamu yangu ilipofika akaninyooshea kile kile. Nikamwambia hapana mwanangu, hicho kiache hapo, nipe kimoja ambacho bado kiko ndani ya boksi.