Grili ya marehemu mzee, nimeitengenezea mtaa wa Unga Limited, Arusha, badala ya kuiuza chuma chakavu

Naandika hii kwa yeyote mwenye grili ya gesi iliyochoka nyumbani na ndugu washaanza kumwambia aite wale wa vyuma chakavu, maana mwezi wa nane mwaka jana mi nilikuwa hapo hapo.

Grili yenyewe ni Weber Genesis ya zamani, ile ya bana tatu, yaani mabomba matatu yenye vitundu vya kutoa moto. Mzee wangu aliinunua 1997 pale Moshi kwa mzungu aliyekuwa anafungasha kurudi kwao, akaipakia kwenye pikapu mpaka nyumbani Kibosho, na tangu hapo kila Desemba watu wote tukishapanda nyumbani akichinjwa mbuzi, supu na kisusio vinabaki jikoni, mbavu zinaenda chini ya mparachichi kwa mzee na akishashika koleo hamna mtu anagusa ule mfuniko. Alifariki 2021. Grili ikakaa bandani miaka mitatu, kuku wakataga juu yake, na kaka zangu wakasema iuzwe kwa kilo tu ipishe nafasi. Mama hakusema neno, siku ya pili yake nikakuta ameifunika na turubai na kuifunga kamba vizuri kabisa, nikaelewa. Nikakodi kirikuu nikaileta Arusha.

Nianze na kosa langu. Nilimpa fundi wa majiko wa karibu na ninapokaa bila kuuliza sana. Akafunga mpira wowote aliokuwa nao, na regyuleta, kile kichwa cha mtungi kinachopunguza presha ya gesi, akaweka ile ya presha kubwa, zile zinazotumika kwenye majiko makubwa ya kupikia ubwabwa wa shughuli. Kuwasha, moto ukaruka juu ukaachia bana kabisa ukawa unanguruma hewani, mwanangu wa miaka sita amesimama pembeni. Nilikimbia kufunga mtungi mikono inatetemeka. Elfu 40 ikaenda hivo, na siku ile nilikaribia kukubali maneno ya kaka zangu.

Mwenzangu kazini ndo akanielekeza kwa mzee mmoja wa kuchomelea Unga Limited. Nimefika, shikamoo baba, marahaba mwanangu, na kabla hajashika chochote akauliza, "Hii enzi zake ilikuwa inawaka moto wa rangi gani?" Nikamwambia bluu, ila mwaka wa mwisho wa baba ulikuwa wa njano na nyama zilikuwa zinatoka na masizi. Akatikisa kichwa kama daktari, akafungua.

Bana mbili zilikuwa zimeliwa na kutu mpaka vitundu vimeungana vimekuwa mpasuko. Ya tatu kwa macho ilikuwa nzima, ila alipoingiza waya kwenye mdomo wa bomba ukatoka utando wa buibui umekaza kama pamba. Kumbe buibui wanapenda sana mabomba ya gesi, na hili ndo nataka mtu alishike hata kama hatatengeneza chochote: gesi ikitoka kwenye nozeli inatakiwa ivute hewa pale mdomoni mwa bomba ndo ichanganyike, sasa pakizibwa hewa haiingii vya kutosha, moto unakuwa wa njano na masizi, au mbaya zaidi gesi inarudi inawakia huko huko nyuma karibu na swichi unazoshika. Kwa hiyo mwaka ule tulidhani grili imezeeka, kumbe ilikuwa imezibwa. Iliniuma, maana baba alikuwa anajilaumu kwamba siku hizi hajui kuchoma.

Boksi la grili halikuwa na tatizo lolote, ni alumini ya kumwaga na alumini haishiki kutu kama chuma, alilisugua tu mafuta ya miaka yote. Bana alizichonga upya zote tatu kwa bomba la stenlesi. Alipima vitundu vya ile iliyobaki kwa kuingiza biti za drili moja moja mpaka ikae sawasawa, akahesabu, akatoboa idadi ile ile, na alikuwa na sumaku mfukoni, bomba likishikwa sana na sumaku analikataa anarudisha dukani. Vile vyuma vya V vinavyokaa juu ya bana alivikunja vipya kwa bati la stenlesi. Usiache kuviweka, vinakinga bana mafuta yasidondokee vitundu, na yale mafuta yakigonga chuma cha moto ndo yanafuka moshi unaoipa nyama ladha.

Regyuleta ile ya presha kubwa tukaitoa, tukaweka ya kawaida ya majumbani, presha ndogo, na mpira wa gesi wenyewe na klipu zake mpya. Alafu akanipa povu la sabuni na brashi akaniambia pakaa mwenyewe kila kiungo, ukiona mapovu yanakua hapo panavuja. Palivuja sehemu moja, akakaza, nikapaka tena.

Gharama jumla laki mbili na themanini, bana, vyuma, mpira, regyuleta na ufundi. Grili mpya ya bana tatu niliyoulizia nilitajiwa milioni na laki nane. Lalamiko langu ni muda, aliahidi wiki moja zikawa tatu, na simu hapokei akiwa kazini, inabidi uende mwenyewe. Ila kazi yake imenyooka na kila alichotoa alinionyesha, mabana ya zamani kanirudishia kwenye mfuko.

Matumizi: moto bluu umetulia, bana ya nyuma ina nguvu zaidi kidogo kuliko mbili za mbele, kwa hiyo mapaja naweka nyuma, mbavu mbele. Mtungi wa kilo 6 usitumie, ukiwasha zote tatu unapoa mpaka unatoka jasho na moto unashuka kabla nyama haijaiva, weka wa kilo 15. Na mfuniko ufungue kabla hujafungua gesi, kila mara, usije ukawasha gesi iliyojikusanya humo ndani.

Kitu pekee tulichobishana na yule mzee ni ule mfuniko, una mbonyeo pale baba alipokuwa anagongagonga koleo kuita watu nyama imeiva, yeye akataka aunyooshe na kupiga rangi. Nikampigia mama. Mama akasema rangi sawa, pale pasiguswe, na yule mzee aliposikia akazungushia utepe wa karatasi wenye gundi akapaka pembeni tu.

Kiwashio kile cha kubonyeza kikalia tak bado hakijapona, Desemba tuliwasha kwa njiti ndefu na mbuzi wawili waliisha. Mwenye kujua Moshi au Arusha kinapatikana wapi anisaidie.